Mdogo wangu amejengewa pua kwa gegedu la sikio. Tuliyoyapitia, kwa yeyote anayehitaji

#1 DadaMkubwa_Moro

Wakuu, habari za saa hizi.

Miaka yote mimi ni msomaji tu wa jukwaa hili la afya. Leo naandika kwa sababu tulipokuwa kwenye shida nilikesha na simu nikitafuta mtu aliyeeleza jambo hili kwa Kiswahili, nikakosa. Kila nilichopata kilikuwa pua za urembo. Mdogo wangu hakutaka pua ya urembo. Alitaka pua ya kupumulia, na aweze kuingia msikitini bila kujifunika leso usoni.

Alikuwa dereva wa bodaboda hapa Morogoro. Mwaka juzi mwezi wa nne, siku ya mvua, aliteleza akajibamiza kwenye Fuso lililokuwa limeegeshwa. Kioo cha pikipiki kilimkata kibawa cha pua upande wa kulia, kikaondoka na kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Kituo cha afya tulichokimbilia walimwosha, wakamshona, wakampa dawa za maumivu na antibayotiki, wakasema mfupa haujavunjika, nendeni nyumbani. Kidonda cha nje walikishona vizuri, sina neno. Ila hakuna aliyewasha tochi akatazama ndani ya pua.

Siku ya pili pua iliziba pande zote mbili. Tukarudi, tukaambiwa ni uvimbe wa ajali, utashuka. Siku ya nne homa, kichwa kinamgonga, ukigusa ncha ya pua anapiga kelele. Siku ya saba usaha ulipasuka wenyewe usiku, mto mzima ukalowa. Akapata nafuu, tukashukuru Mungu. Kumbe shughuli ndiyo ilikuwa inaanza: ndani ya miezi miwili mwamba wa pua ukawa unabonyea kidogo kidogo. Ukimtazama kwa ubavu unaona kipaji cha uso, halafu bonde, halafu ncha ya pua imebinuka juu. Akawa anapumua kwa mdomo, akilala anakoroma hadi chumba cha pili.

Daktari wa masikio, pua na koo tuliyempata baadaye ndiye aliyetuchorea kwenye karatasi. Katikati ya matundu mawili ya pua kuna ukuta. Sehemu ya mbele ya ukuta huo si mfupa, ni gegedu, ule mfupa laini unaoweza kuupinda kwa kidole. Gegedu halina mishipa ya damu. Linalishwa na ngozi nyembamba iliyoligandia pande zote mbili. Pua ikipigwa, damu inaweza kuvia kati ya ngozi hiyo na gegedu, ngozi ikabanduka, na gegedu likakaa na njaa. Siku tatu zinatosha kuanza kuliua, na usaha ukiingia linayeyuka. Akaniambia: "Damu ile ingetolewa siku ile ya pili, leo tusingekuwa tunaongea." Maneno hayo yamenikaa.

Sasa kwenye upasuaji wenyewe.

Alikuwa na shida mbili: pengo kwenye kibawa, na mwamba uliobonyea. Daktari alikataa kugusa chochote mpaka makovu yakomae, tukasubiri karibu miezi kumi. Malighafi ya kwanza ya kujengea pua huwa ni gegedu la ukuta wa pua yenyewe, ila la mdogo wangu ndilo lililooza. Zikabaki njia mbili, sikio au ubavu. Tukaenda na sikio, kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza ilikuwa pengo la kibawa. Weka kidole pale ukingo wa sikio lako unapoanzia, juu ya tundu, upande wa shavu. Hapo ndipo walipokata kipande kidogo chenye ngozi huku, ngozi huku, na gegedu katikati, wakakishona kwenye pengo kwa uzi mwembamba kama unywele. Ukingo wa sikio pale umejikunja kwa mkunjo unaofanana na wa kibawa cha pua. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo maishani, sasa kila mtu nikikaa naye karibu naliona.

Kile kipande hakiungwi mishipa. Kinapandikizwa kama pando la muhogo, kitashika au kitakufa. Siku chache za mwanzo kinanyonya majimaji ya jirani tu, mpaka vimishipa vipya viingie kutoka kwenye kingo. Kwa hiyo kinatakiwa kiwe kidogo, sentimita moja hivi, ikizidi sana moja na nusu, ili katikati pasiwe mbali na kingo. Siku ya kwanza kilikuwa cheupe kama jivu. Siku ya tatu kikawa zambarau iliyoiva kabisa, karibu nyeusi. Nililia wakuu. Nilijua kimeoza. Muuguzi wa zamu akanishika mkono, akasema dada, hii ndiyo rangi tunayoisubiri, damu imeingia ila bado haijapata njia nzuri ya kutoka; usikiguse, usikifute, usikipulize. Siku ya sita nikaona ukingoni pamepambazuka rangi ya waridi, upana wa uzi. Ngozi ya juu ilibanduka kama gamba la samaki, chini yake kulikuwa na ngozi mpya. Mpaka leo hapo pana wekundu kidogo kuliko pua yote. Ukimjua utaona, usipomjua hutaona.

Hatua ya pili, miezi sita baadaye, ndiyo ya mwamba. Hii alilazwa nusu kaputi. Walifungua nyuma ya masikio yote mawili, wakatoa gegedu la lile bakuli la sikio, pale unapoingiza kidole ukijikuna, bila kuchukua ngozi na bila kugusa kingo zinazolishika sikio lisimame. Kila kipande kina upana wa kidole gumba na wembamba usiofika milimita mbili, na kimepinda kama kipande cha kifuu. Pua inataka kitu kilichonyooka. Basi daktari aliviweka mgongo kwa mgongo akavishona pamoja, huyu anavuta huku na huyu anavuta kule, vikanyooshana. Vikaingizwa chini ya ngozi ya pua, juu ya mwamba.

Sasa hivi ni mwezi wa tano tangu hatua hiyo ya pili. Analala kimya. Naweka nukta hapa, ulizeni.

#2 Kitambaa Cheupe

Pole sana dada na hongera kwa kusimama na mdogo wako. Swali langu: anasikia sawasawa? Na masikio hayajalegea kama ya mbwa koko? Samahani kwa kuuliza hivyo, nina kijana wangu ameshauriwa kitu kama hiki na mama yake hataki kabisa kusikia habari ya kukata sikio.

#3 DadaMkubwa_Moro

Kitambaa Cheupe, usiombe samahani, mama yetu naye aliuliza hivyo hivyo.

Anasikia kama zamani. Kazi ya kusikia iko ndani, kwenye ngoma ya sikio na kwendelea, na gegedu la bakuli haligusi huko. Umbo limebaki. Sikio linasimama kwa ule ukingo wa nje na ule mkunjo wa pili wa ndani yake, na hiyo yote imebaki. Ukitia kidole ndani ya bakuli utahisi pamelainika, basi. Kovu liko nyuma, kwenye mfereji kati ya sikio na kichwa.

Nisidanganye, siku za mwanzo masikio yalimuuma kuliko pua. Pua alikuwa karibu haihisi kabisa. Masikio walimwekea vipande vya gozi yenye mafuta, vimekunjwa kama donge, vikashonwa kwa uzi unaopita mbele hadi nyuma vikabana kabisa. Alikaa navyo wiki nzima. Hakuweza kulalia ubavu, tulimpangia mito mitatu akalala chali nusu ameketi. Yale madonge aliyachukia ila ndiyo yanayozuia damu kuvia pale palipotolewa gegedu. Damu ikivia na kukauka mle, sikio linajikunja na kuwa gumu kama yale ya mabondia. Mwambie mama wa kijana aulizie hilo: "mtalibana vipi sikio baada ya kutoa?" Akijibiwa vizuri moyo utatulia.

#4 muuguzi_wa_zamu

Dada umeeleza vizuri kuliko wengi wetu wa kazini. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, naongezea kidogo kwa nini sikio, na si sehemu nyingine.

Pua ina tabaka tatu: utando wa ndani, kiunzi, na ngozi ya nje. Wengi wanafikiri kazi ni kupata ngozi ya kufunika. Ngozi peke yake bila kiunzi husinyaa. Kovu likivuta, tundu linaziba, na mgonjwa akivuta pumzi kibawa kinaingia ndani kama mfuko wa plastiki mdomoni. Gegedu ndilo linalozuia hilo. Na gegedu nalo bila utando mzuri ndani na ngozi yenye damu nje linakufa, kwa sababu halina mishipa yake. Ukiona pua iliyojengwa imekunjamana baada ya mwaka, mara nyingi mojawapo ya tabaka hizo ilipuuzwa.

Magegedu tunayo ya aina tatu za kuchagua. La ukuta wa pua limenyooka, gumu kiasi, na liko pale pale unapofanyia kazi, lakini ni kidogo, na kwa aliyepigwa sana au aliyeota jipu ndani ya pua huwa halipo. La ubavu ni jingi na lina nguvu, linafaa pua iliyoanguka kabisa. Ubaya wake ni kovu la kifuani, maumivu ya kupumua siku za mwanzo, hatari ndogo ya kutoboa utando wa pafu, na tabia ya kujipinda baadaye. Watafiti Gibson na Davis walieleza mwaka 1958 kwamba ukichonga kutoka katikati ya ubavu, nguvu za pande zote zinasawazishana na halipindi sana, na mpaka leo mafundi wanalifuata hilo. Kwa watu wazima wenye umri mkubwa ubavu huwa umeshaanza kugeuka mfupa, hauchongeki.

La sikio liko katikati. Ni laini, lina unyumbufu ambao mengine hayana, na mpindo wake wa asili ni mali pale unapojenga kibawa au ncha, kwa sababu vyenyewe vimepinda. Pale unapotaka nguzo iliyonyooka ndipo linapokuwa dhaifu, na ndiyo maana daktari wa mdogo wako alishona vipande viwili mgongo kwa mgongo. Kama mwamba ungekuwa umeanguka wote mpaka ncha imekosa nguzo, nadhani wangewaambia ubavu. Sikio lisibebeshwe mzigo ambao si wake.

#5 Simba wa Ilala

Mbona wasingeweka silikoni tu yakaisha? Nimeona huko Asia wanaweka kila siku, mtu anatoka mchana huo huo.

#6 muuguzi_wa_zamu

Simba, swali zuri. Silikoni mwili hauipokei kama kitu chake. Unaizungushia utando na kuiacha pale, na siku vijidudu vikiifikia haina damu wala uhai wa kujitetea, lazima itolewe. Kwa pua ya urembo yenye ngozi nzima, wapo wanaokaa nayo miaka. Kwa pua iliyopata ajali, yenye kovu na ngozi iliyokonda, silikoni huweza kutoboa ngozi ikachungulia nje. Hata huko Asia madaktari wengi sasa ncha ya pua wanaijenga kwa gegedu la sikio, kwa sababu ndipo ngozi inapobanwa zaidi.

#7 MamaK

Jamani samahani naingilia. Nimesoma post ya kwanza mikono inatetemeka. Mwanangu ana miaka sita, jana jioni alianguka kwenye ngazi akapiga pua. Ilitoka damu ikakata. Leo anapumua kwa mdomo, analia nikimgusa pua. Nje imevimba kidogo tu. Hana homa. Nimempa panado. Nilipanga Jumatatu nimpeleke.

#8 muuguzi_wa_zamu

MamaK, usisubiri Jumatatu. Nenda leo, sasa hivi.

Mtazame kwa tochi: inua ncha ya pua taratibu na kidole, angalia ukuta wa katikati. Ukiona umevimba upande mmoja au pande zote, mwekundu au wa zambarau, kama zabibu iliyokaa ndani ya tundu, hiyo yaweza kuwa damu iliyovia. Ukikosa kuona, nenda vile vile. Hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo kama unaweza kufika, kama huwezi basi hospitali yoyote yenye daktari wa zamu. Sema neno hili: "Naomba aangaliwe kama damu imevia kwenye ukuta wa pua." Usiache wakatazama nje tu. Na asile wala asinywe chochote njiani, huenda akahitaji dawa ya usingizi.

#9 DadaMkubwa_Moro

Mama K nakuomba. Sisi tuliambiwa uvimbe utashuka, tukakubali kwa sababu nje palikuwa panapona. Nenda, wakikuambia ni uvimbe wa kawaida bila kutazama ndani, kaa hapo hapo mpaka watazame. Utuambie.

#10 BintiMachame

Nimeusoma uzi huu nikiwa na mama yangu pembeni. Mama ni mtu mwenye ualbino, wa Moshi. Kidonda kidogo kwenye kibawa cha kushoto kilikaa miaka miwili, kinakauka kinatoka tena, kila mtu akisema ni jua. Ilikuwa saratani ya ngozi. Kwake tulianza na kuondoa, na daktari hakujenga siku hiyo. Alituma kingo zote maabara kwanza ahakikishe hakuna kilichobaki, akasema ukijenga juu ya saratani umeifunika tu, itaendelea kula chini. Nilimuona mkali, leo namshukuru.

Pengo lilikuwa kubwa, kibawa chote, kipande cha sikio peke yake kisingeweza. Wakashusha ngozi ya kipaji cha uso. Wanakata ulimi wa ngozi kuanzia kwenye nywele kushuka hadi karibu na nyusi, mzizi wake unabaki umeshikamana pale kwenye nyusi kwa sababu ndimo mshipa wa damu unamopita, wanaugeuza ukafika puani. Ndani yake wakaweka mchirizi wa gegedu la bakuli la sikio, umepindwa kufuata ukingo wa tundu. Wiki tatu mama alitembea na ile ngozi inaning'inia kutoka kwenye nyusi mpaka puani kama mkonga. Hakutoka nje. Alikuwa anasali rozari mlangoni, ameketi mgongo kwa barabara. Baada ya wiki tatu ngozi ikawa imeota mishipa yake kutoka puani, wakakata ule mzizi.

Nasema haya kwa sababu dada ameeleza pengo dogo. Kwa pengo kubwa lazima mjiandae kwa hatua zaidi, na ile hatua ya katikati inatisha kuitazama. Mtu awaeleze kabla, na mgonjwa aonyeshwe picha za waliopita. Sisi hatukuonyeshwa, mama alipojiona kwenye kioo cha bafuni alizimia.

Na wenye ndugu mwenye ualbino: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, wanatengeneza mafuta ya Kilisun maalumu kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kidonda chochote puani, sikioni au mdomoni kisichopona mwezi mmoja, kapimwe.

#11 DadaMkubwa_Moro

BintiMachame, umpe mama shikamoo yangu. Hilo la picha nimeliandika mahali. Mdogo wangu naye alikataa kioo wiki mbili.

#12 Mzee wa Nyaraka

Wanangu, mimi si daktari, nilikuwa mwalimu wa historia. Hiyo njia ya kipaji cha uso aliyoisema Binti wa Machame ni ya mafundi wa India, wa tangu enzi. Huko kukatwa pua kulikuwa adhabu na fedheha, kwa hiyo kulikuwa na mafundi wa kuzirudisha. Mwaka 1794 jarida moja la London lilichapisha habari za Cowasjee, mwendesha ng'ombe wa jeshi la Waingereza aliyetekwa na askari wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore huko India, wakamkata pua, akajengewa nyingine na fundi wa kwao. Carpue, mpasuaji wa London, akasoma, akajaribu mwenyewe mwaka 1814. Na kile kipande cha sikio chenye ngozi na gegedu alichowekewa kijana wa Morogoro, Mjerumani König alikieleza mwaka 1902.

Lililonigusa zaidi liko karibu na kwetu. Vita vya kwanza vya dunia vilirudisha vijana wengi bila pua. Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, akawa anawajenga kwa magegedu ya ubavu katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, kuanzia 1917. Binamu yake Archibald McIndoe alifuata kazi hiyo hiyo, akawatibu marubani walioungua vita vya pili. Huyu McIndoe alikuwa na shamba hapa Tanganyika, maeneo ya Kilimanjaro. Yeye, mwanafunzi wake Michael Wood, na Mmarekani Tom Rees ndio walioanzisha AMREF mwaka 1957, ile ya madaktari warukao na ndege. Watu wanaijua kwa ndege na chanjo. Waanzilishi wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile, watu wa kushona nyuso. Nilipolijua hilo nilikaa kimya muda mrefu.

#13 Pwani Asilia

Assalaam aleikum. Mimi niko Mombasa. Nina nduguye mke wangu aliumwa pua na mtu ugomvini, kipande kikenda. Daktari amemwambia habari ya sikio. Tatizo letu ni makovu. Ukoo mzima kovu likipona linaota nyama. Dada zake wametoga masikio wameota mafundo makubwa kama ndimu. Sasa sikio si ndilo baya zaidi?

#14 muuguzi_wa_zamu

Wa aleikum salaam. Hilo ni la kusema kwa daktari siku ya kwanza kabla ya lolote, na kwetu watu weusi lina uzito wake. Keloidi, yaani hayo makovu yanayoota nyama, inapenda ndewe na ukingo wa sikio, inapenda pia kifua, kwa hiyo kukimbilia ubavu si lazima iwe salama zaidi. Kovu la ubavu linakaa kifuani.

Mambo ya kuuliza: yeye mwenyewe, si dada zake, ana kovu lolote lililoota nyama, kama la chanjo begani au la kisu? Mshono utakuwa mbele ndani ya bakuli au nyuma ya sikio, na kwa nini? Akianza kuota, nani atamfuatilia? Fundo likigundulika mapema likiwa jekundu na linawasha, sindano za steroidi huweza kulizuia. Likishakuwa ndimu kazi ni kubwa. Keloidi huchukua miezi kuanza, kwa hiyo ile miadi ya mwezi wa tatu na wa sita asiikose hata kama anajiona mzima.

Na kwa kuwa aliumwa na mtu: mdomo wa binadamu una vijidudu vingi. Kama jeraha ni la karibuni, dawa za kuzuia maambukizi, chanjo ya pepopunda, na vipimo vya homa ya ini na virusi vya ukimwi vitangulie. Kujenga kusubiri.

#15 Kitambaa Cheupe

Kuhusu sigara? Kijana wangu anavuta.

#16 muuguzi_wa_zamu

Aache angalau wiki nne kabla, na wiki kadhaa baada. Nikotini inabana vimishipa, na kipande kilichopandikizwa kinaishi kwa vile vimishipa vidogo kabisa. Shisha na ugoro ni kitu kile kile. Nimewahi kuona kipande kizuri kabisa kikageuka mkaa kwa sababu mgonjwa alikuwa anatoroka chooni kuvuta. Mwambie kijana bila kumficha.

#17 DadaMkubwa_Moro

Nijibu na walioniuliza inbox habari za gharama. Bei zinatofautiana hospitali na hospitali, sitataja yetu isije ikawapotosha. Nililojifunza ni kudai mchanganuo: upasuaji, dawa ya usingizi, kitanda, vipimo, na zile ziara za kufungua nyuzi. Sisi ziara za baada hatukuzipigia hesabu, na nauli ya Dar kila wiki ikatumaliza. Mwenye bima aulize kwa maandishi kama itaandikwa "kurekebisha baada ya ajali". Tulipoanza ilikuwa imeandikwa urembo, ikakataliwa, daktari akaandika upya akaeleza kwamba hapumui, ikakubaliwa. Asiye na uwezo, kwenye hospitali za serikali kuna ofisi ya ustawi wa jamii, aende kabla ya siku ya upasuaji.

Na mambo madogo ya nyumbani: asipenge kamasi kama wiki mbili, akipiga chafya afungue mdomo. Kwa zaidi ya mwezi miwani isikae juu ya pua. Mdogo wangu helmeti ilikuwa inagusa pua, daktari akamkataza kupanda pikipiki miezi mitatu. Uvimbe wa ncha unashuka polepole, mpaka mwaka, kwa hiyo msimhukumu daktari kwa picha ya mwezi wa kwanza.

#18 Simba wa Ilala

Nimesoma mahali kwamba siku hizi wanaotesha gegedu maabara. Ni kweli?

#19 muuguzi_wa_zamu

Ni kweli. Basel, Uswisi, mwaka 2014 walitangaza wagonjwa 5 waliotolewa saratani puani. Walichukua kipande kidogo cha gegedu la ukuta wa pua, wakaotesha seli zake maabara kwa wiki kadhaa, wakajengea vibawa. Inatia moyo. Ila huku kwetu sikio lako unalo tayari, ni lako, mwili hautalikataa, na halihitaji maabara yoyote zaidi ya mikono mizuri.

#20 MamaK

Jamani. Tumefika saa tano usiku. Daktari wa kwanza alitazama nje akasema aletwe Jumatatu kliniki. Nikasema yale maneno. Nikamwonyesha hii simu, nikamsomea. Akachukua tochi, akanyamaza, akampigia simu daktari mwingine.

Ilikuwa damu pande zote mbili. Wamemtoa alfajiri akiwa amelala usingizi wa dawa. Wamesema gegedu bado lipo, gumu, zuri. Wamemwekea pamba pande zote mbili na ameanzishiwa dawa. Sasa hivi amelala, anapumua kwa mdomo. Sijui niwaambie nini.

#21 muuguzi_wa_zamu

Umefanya vizuri sana mama. Sikiliza bado: pamba zikitolewa, damu inaweza kujaa tena. Hakikisha anatazamwa ndani kesho, na tena baada ya siku mbili tatu, na tena baada ya wiki. Homa yoyote, kichwa kikiuma, pua ikiziba upya, rudi saa hiyo hiyo hata usiku. Dawa amalize zote.

#22 DadaMkubwa_Moro

Mama K, nimemsomea mdogo wangu post yako. Amekaa muda anajishika pua. Ameniambia nikuulize mtoto anaitwa nani, anataka kumtaja kwenye dua ya Ijumaa.